Nani Atajibu kwa Mguu wa Bilonda

Kolwezi, Dilala, mwaka 1993

9 Machi
Nimefagia ua asubuhi, nimeufagia tena mchana, na mikono bado inaniwasha. Shule yetu haijafunguliwa tangu Krismasi. Mwalimu asiye na darasa ni balaa nyumbani. Muulize mdogo wangu Mukalay, ambaye leo nimemgombeza kwa kuvaa kofia mezani, kwa kunywa chai kwa kelele, na karibu nimgombeze kwa kupumua. Kwa hiyo nimechukua daftari lililobaki la wanafunzi, niandike. Pengine kalamu itanituliza kuliko ufagio.

Nianze na kikundi. Sisi ni wanawake wachache wa hapa Dilala, watu wanatuita Mama wa Sufuria. Tulianza mwaka jana kwa kuwapikia uji wagonjwa ambao ndugu zao wako mbali. Mimi asili yangu ni Kabongo, huko kaskazini mwa Katanga yetu hii. Mwanvua ni Mwislamu, mume wake Musafiri ana lori linalobeba mizigo ya Fungurume. Bilonda, mke wa Kabeya wa mgodini, ni wa Kasai, mkoa wa jirani. Paroko alitaka tuvae jina la parokia, tukakataa. Watu wa chama walituletea vitambaa vya sare, tukakataa pia, ingawa Mwanvua aliviangalia kwa uchungu sana. Sifa yetu ni kwamba hatuna mwenyewe.

Leo Mwanvua kaja na wazo jipya.

"Camion ya Musafiri iko na asiransi," akasema. "Batu bakigonga ile camion, kuko mwenye kulipa. Sasa sisi benye kubeba nyungu ya moto kila siku, tuko chini ya camion?"

Tumecheka, lakini amesema kweli. Nitakwenda mimi kwenye ofisi ya bima, kwa kuwa sina kazi nyingine ila kumchosha Mukalay.

12 Machi
Nimekwenda na Bilonda. Wakala wa bima ni Tata Tshilombo, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata katika tope hili la Machi. Bilonda alimsalimu kwa Kiluba cha kwao Kasai, maana wote wawili ni wa huko. Yeye akajibu kwa Kifaransa, macho kwenye dirisha. Hapo hapo nikamchukia.

"Kikundi yenu iko ya nani?"

"Ya sisi benyewe," nikasema.

"Ya parokia?"

"Hapana."

"Ya serikali? Ya kampuni? Iko na président?"

"Tunabadilishana. Juma hii mi, juma ingine mwenzangu."

Akaweka kalamu chini polepole, kama mtu anayemwekea mtoto kijiko.

"Mama, asiransi haifanyi kazi na bantu benye kupita njia. Inataka mwenye kujibu. Mutu akiumia ku kazi yenu, nani atajibu?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya matusi. Bilonda alinivuta mkono tukatoka. Njiani alicheka mpaka akashika ukuta. "Huguette, ulifura sana! Nilizania utamukula na tai yake."

15 Machi
Mvua kutwa. Nimefua ambavyo havikuwa vichafu.

22 Machi
Yale yaliyotokea Likasi mwaka jana, watu wa Kasai kufukuzwa, yamefika kwetu. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba, na kila nyumba ya mtu wa Kasai inapigwa mawe mpaka watoke. Barabara ya stesheni imejaa magodoro, mashine za kushonea, mabibi waliobebwa mgongoni. Watu waliozaliwa hapa, wenye makaburi ya wazazi wao hapa, wanaambiwa warudi kwao.

Mukalay amerudi saa ya chakula na kitambaa chekundu cha wale vijana kichwani.

"Bakienda, kazi itapatikana ku mugodi," akasema. "Bilulu bote batoke."

Bilulu maana yake wadudu. Nikamnyang'anya sahani ya bukari, yaani ugali, iliyokuwa mbele yake nikammwagia mbwa wa jirani. Ana miaka yake, ana ndevu, na nilimlea mimi baada ya mama kufa. Hatujasemezana tena.

24 Machi
Tumehamisha pipa letu la uji kwenda stesheni. Watu wanaongoja treni ya kwenda Kasai ni wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja, na juu yao ni turubai chache na mawingu. Hakuna treni.

30 Machi
Kabeya na Bilonda wametolewa kwao jana. Nilipofika stesheni leo nimemkuta Bilonda anakoroga uji, godoro lake liko nyuma yake, na watoto wameketi juu ya godoro wameshika taa ya ukutani. Sijui kwa nini walichukua taa ya ukutani.

"Wacha, nitakoroga mi," nikamwambia. "Sasa uko mu musitari ya benye kukula."

"Nitakula nikimaliza," akasema. "We leta kuni."

Nimelia njia nzima kurudi, kwa hasira, na sikujificha.

1 Aprili
Hakuna treni. Mvua.

3 Aprili
Hakuna treni. Nimemwona Tata Tshilombo kwenye foleni ya uji. Tai hana. Ameshika kikombe cha plastiki cha mtoto na anaangalia chini. Mwanvua alinitolea macho nisiseme neno, nami sikusema, lakini nilimjazia kikombe polepole sana ili ajue kwamba nimemtambua. Naandika hivi na sijivunii.

6 Aprili
Nitaandika tu, nikikaa bure nitapasuka.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na tofali moja chini ya pipa likazama katika tope. Hatukuliona. Foleni ilikuwa imebanana kwa sababu kila mtu alitaka kukaa chini ya turubai letu. Ghafla pipa likainama upande wa watu, uji ukiwa unachemka. Bilonda hakupiga kelele. Alitia mguu. Alilikinga pipa kwa mguu wake wa kuume kama mtu anayezuia mlango, mpaka sisi wengine tukalikamata. Hakuna mtu mwingine aliyeungua. Uji ulimshukia yeye, kuanzia gotini.

Mimi niliganda. Niseme ukweli, wote tuliganda. Aliyesogea ni Tshilombo. Alikuwa na bidoni la maji alilolipangia foleni tangu asubuhi, maji ya kunywa ya familia yake, na akayamwaga yote juu ya ule mguu, taratibu, bila kusimama, akisema naye kwa Kiluba. Maji yalipokwisha alivua shati akaliloweka kwenye dimbwi la turubai na kulishikilia juu ya goti. Sasa simwelewi tena mtu huyu.

Tulimbeba mpaka kwa masista wa zahanati. Sista akamwosha, akatupa vitambaa na dawa, akasema wazi: aoshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, alale mahali pakavu, akirudishwa katika tope la stesheni mguu utaoza. Nafasi ya kulaza mgonjwa hana. Amelaza hata kwenye baraza. Nikakimbia kwa paroko. Akanisikiliza kwa upole, akasema atamwombea, lakini kikundi chetu si cha parokia, sisi wenyewe tulikataa, na nyumba yake imejaa. Nilipotoka nilisikia sauti ya Tshilombo kichwani: nani atajibu? Sifa yetu yote, hatuna mwenyewe, hatuna mwenyewe. Sasa tazama.

Kabeya alikuwa ananingoja nje ya zahanati. Si mtu wa maneno mengi. Alisimama mbele yangu na mvua inamtiririka usoni.

"Mama Huguette, njo weye ulikuya ku mulango yangu. Uliita: Bilonda, kuya unisaidie kazi. Uliita na nguvu, bajirani balisikia. Ni kweli ao bongo?"

"Ni kweli," nikasema.

"Kwetu, mutu akikuita ku shamba yake, ukijikata na jembe, unagonjwa kwake. Anakuchunga. Na siku ya kurudia, anakurudisha kwa bantu yako ukitembea na miguu yako. Kwenu iko namna gani?"

Ningesema nini? Kabongo ni vile vile. Ndiyo maana tunaita mlangoni kwa sauti, majirani wasikie, ili kesho mwenye shamba asijitie hamnazo. Baba yangu alimlaza jirani yetu nyumbani kwetu msimu mzima kwa sababu ya shoka lililoteleza. Nami nilipoita ule mlango mwaka jana nilikuwa na haraka tu, niliita kama nilivyozoea kusikia.

"Kwetu ni vile vile, tata," nikasema. "Aliumia kwangu."

7 Aprili
Musafiri amemleta kwa lori, amelala katikati ya magunia ya mahindi, turubai juu. Yuko katika chumba changu. Mukalay, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Yaya, batatuchomea nyumba."

"Basi utaleta maji ya kuzima."

Hakucheka.

11 Aprili
Pasaka. Homa. Sikwenda misani.

14 Aprili
Treni imekuja. Niliisikia kutoka hapa Dilala. Bilonda hakuwa wa kusafiri. Homa ilikuwa inamzungusha, ananiita mama yake. Nilikimbia mpaka stesheni. Watu walikuwa wanapandana madirishani, na wengine juu ya paa. Kabeya alikwisha kuwaingiza watoto. Hawezi kuwaacha watoto wakae tena katika tope hilo, wawili wanaharisha, na treni nyingine hakuna ajuaye itakuja lini. Nilimwambia habari ya homa. Akafunika uso kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mwingine ulikuwa umeshika watoto.

"Mutamurudisha akitembea," akasema.

"Akitembea, tata."

Treni ikaondoka na Kabeya hakupunga mkono. Tshilombo hakupata nafasi. Aliwasukuma mke na watoto wake ndani, yeye akabaki.

17 Aprili
Homa imeshuka kidogo. Amekula. Amelalamika kuhusu upishi wangu, kwa hiyo ataishi.

19 Aprili
Kumwosha mguu kila asubuhi ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Mimi ndiye ninayelia. Yeye anauma khanga na kuangalia dari. Leo Mwanvua amekuja na asali, kwao Maniema wanaipaka kwenye kidonda. Alikaa pembeni akasema bila kuniangalia, "Leo bale. Kesho batasema sisi ba Maniema tunarudia kwetu. Mi nilizaliwa hapa Kolwezi, Huguette. Kwetu ni wapi?"  Nikampa kitambaa akunje.

20 Aprili
Mvua. Sijatulia hata dakika. Bilonda anasema nikipita tena mbele ya kitanda atanifunga kamba mguuni.

23 Aprili
Wamekuja. Mchana kweupe, kundi la vijana na fimbo, wengine niliwafundisha kusoma. Mukalay alikuwa uani anatengeneza baiskeli, kitambaa chake kichwani. Mimi nilikuwa ndani nimeshika mwiko, silaha yangu pekee, na nilisema moyoni: huyu huyu ndiye aliyewaita.

"Mukalay, banasema unafuga bilulu mu nyumba," mkubwa wao akasema.

Mukalay akaiacha baiskeli. Nikasikia bisibisi ikianguka chini.

"Kuko mugonjwa," akasema. "Aliumia ku kazi ya yaya."

"Iko ya Kasai?"

"Nimesema aliumia kwetu. Kwenu mutu akiumia kwenu, munamutupa njiani?"

 Walitazamana, wakachora ardhi kwa fimbo. Wote ni watoto wa watu, wote wana baba aliyewahi kuita mlangoni kwa jirani. Mkubwa wao akatema mate pembeni.

"Muzuri. Lakini treni ya mbele ikikuya, aende. Ikienda bila yeye, tutarudia, na hatutauliza."

Walipoondoka nilitoka nje nimkumbatie Mukalay. Akanikwepa, akaokota bisibisi. Jioni hiyo hiyo alikwenda nao tena kuimba barabarani. Ndivyo alivyo, na ndivyo nilivyo mimi: nilimwekea bukari, nikaifunika vizuri.

24 Aprili
Kwa hiyo sasa naiogopa treni niliyokuwa naiomba. Ikija upesi, Bilonda hatakuwa anatembea. Isipokuja, wale vijana watachoka kungoja. Kila gari likipiga honi naruka.

28 Aprili
Hakuna treni. Amesimama kwa kushika kitanda. Jasho limemtoka kama aliyelima.

2 Mei
Anga imekuwa safi na baridi ya asubuhi imeanza. Mvua imekwisha. Stesheni wanazika watoto kila siku, na sasa ni vumbi badala ya tope. Tshilombo anatusaidia kubeba pipa. Leo tulipumzika pamoja juu ya gogo, nikamuuliza kwa nini siku ile hakumjibu Bilonda kwa lugha yao.

"Ku ofisi kulikuwa bantu," akasema. "Nilizania nikisema français tu, français tu, batasahau mi ni wa wapi."

Alisema bila kujihurumia. Nilimpa mkate wangu. Hasira niliyokuwa nimemwekea imeniishia mkononi, sijui pa kuipeleka.

6 Mei
Hakuna treni. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, akiniegemea. Kurudi nimembeba.

8 Mei
Mkuu wa stesheni amesema treni iko njiani, kesho. Tumekutana Mama wa Sufuria wote chumbani kwangu, tumebanana, Bilonda katikati. Kidonda kinafunga lakini nyama bado mbichi, kinataka kuoshwa kila siku, na safari ni ya siku nyingi ndani ya mabehewa ambamo watu wanafia wamesimama. Mukalay akasema kutoka mlangoni, na alisema kwa kujaribu kusaidia:

"Batu ya kwabo batakuwa mule mu treni. Batamuangalia."

"Hakuumia kwao," nikasema.

 Nadhani nilikuwa nimekwisha kujua tangu siku ile ya mvua nje ya zahanati, ila nilikuwa nakimbiakimbia ndani ya nyumba ili nisikutane na jambo lenyewe. Nikasema nitapanda naye. Nitamwosha njiani, nitamshika mpaka atembee, nitamkabidhi kwa Kabeya huko Mwene-Ditu, Kasai. Bilonda akakasirika kweli kweli.

"Uko na wazimu? Wee Mukatanga, unaenda kule? Kila mutu mule mu treni balimuchomea nyumba. Utarudia na nini?"

"Sijui."

"Siendi na weye!"

"Basi utaenda na miguu," nikamwambia, akatoa kicheko bila kutaka, na Mwanvua akaanza kulia. Mwanvua atashika pipa. Nimeogopa sana leo. Naandika hivyo kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema.

9 Mei
Mukalay ndiye aliyembeba. Alivua kile kitambaa chekundu, maana stesheni kisingeonekana vizuri, akakitia mfukoni. Akikivaa tena jioni sitakuwapo kuona. Alimwinua Bilonda mpaka dirishani, akanisukuma mimi baada yake, na godoro, na chungu. Halafu alisimama ameshika chuma cha dirisha mpaka treni ilipoanza kutembea, na kidogo baadaye.

"Yaya," akasema. "Nani atanigombeza?"



10 Mei, tumesimama Tenke
Tumesimama tangu asubuhi, wanabadilisha injini au hawana injini, hakuna anayesema. Behewa limejaa mpaka mlangoni. Tata Tshilombo yumo. Alipotuona aliinuka akampa Bilonda nafasi yake ya ukutani, naye anakaa juu ya chungu chetu. Nimemwosha mguu mbele ya watu wote kwa maji ya Tenke niliyoyachemsha kando ya reli. Nilipokuwa nafunga kitambaa, mama mmoja aliyekaa mkabala, mwenye kovu jipya la jiwe juu ya jicho, aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Kabongo. Nikasikia jina hilo likipita behewa zima kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na nyuso zikigeuka. Mtu mmoja nyuma alisema kitu kwa Kiluba chao, na hakikuwa kizuri.

Tshilombo aliniangalia. Halafu akasema, si kwa ubaya, kwa sauti ile ile ya ofisini:

"Mama Huguette. Huku tunaenda, bantu balipoteza yote. Ukiumia kule, nani atajibu?"

  Niliendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Mi," akasema Bilonda.

"We hukuniita," nikamwambia. "Nimejileta mwenyewe."

 Bilonda alishika ukuta. Akavuta mguu mzuri chini yake, akasukuma, akasimama, na ule mguu mwingine akauweka chini, nao ukakaa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akaita kwa nguvu, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani alfajiri, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha yake, akigeuka huku na huku ili sauti ifike pembe zote za behewa:

"Huguette! Kuya unisaidie kazi!"

Watoto waliamka. Yule mama mwenye kovu aliinua kichwa, akamwangalia Bilonda, akaangalia mguu, akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Nimesikia," akasema.

"Na mi nimesikia," akasema Tata Tshilombo.

Nikainuka nikamshika Bilonda mkono, maana alikuwa anataka kwenda mpaka mlangoni kuona kama injini imekuja.